Injini ‘inapumua’ mpakani: Ukague bomba kabla ya kukubali ifunguliwe

NAMANGA. Dalili ya kwanza huwa harufu. Dereva wa pikapu ya dizeli aliyepakia vitunguu vya Mang’ola, akapita Arusha na Longido usiku ili awahi soko la Nairobi, hufika mpakani alfajiri kabini ikinuka oili inayoungua. Akishuka kukagua, huona matone kati ya injini na gia boksi, ubavu wa injini umelowa, na kijiti cha kupimia oili kimejisukuma nje kama kizibo cha chupa ya soda. Akifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma, moshi hutoka kwa vipigo vinavyofuatana na mwendo wa pistoni.

Mafundi wa pande zote mbili za mpaka wana neno moja kwa hali hiyo: injini “inapumua”. Kwa wengi wao neno hilo ni hukumu tayari. Ikipumua, ringi zimekwisha, na ringi zikiisha injini ishushwe, ifunguliwe, ifanyiwe ovahoo. Mwenye gari huambiwa hayo akiwa amesimama nchi isiyo yake, mzigo uko juani, mnunuzi anapiga simu, na kibali cha muda cha kuingiza gari kina siku za kuhesabu. Hana muda wa kubishana. Hukubali.

Wapo ambao injini zao kweli zilikuwa zimekwisha. Lakini wapo pia waliolipia ovahoo wakati tatizo lilikuwa kipande cha mpira kilichobanwa, na wengine waliobadilisha sili ileile mara tatu bila kuambiwa kwa nini ilikuwa haikai.

Kila injini ya dizeli inapumua, hata iliyotoka kiwandani jana. La kuuliza ni inapumua kiasi gani, na pumzi hiyo inatokea wapi.

Pumzi yenyewe

Dizeli haina plagi ya cheche. Huwasha mafuta kwa kubana hewa mpaka ipate moto, na hewa hiyo hubanwa mara 16 hadi 22 ya ujazo wake. Ringi za pistoni huzuia sehemu kubwa ya nguvu hiyo, lakini haziwezi kuzuia yote. Kiasi kidogo cha gesi hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu, mahali inapokaa oili. Gesi hiyo imebeba masizi, mvuke wa maji na mvuke wa oili.

Isipopewa njia ya kutoka, hujenga presha. Ndiyo maana kila injini ina bomba la kupumulia, ambalo kwenye magereji huitwa “brida”. Malori ya zamani yalikuwa na bomba wazi linaloelekea chini, likitoa moshi mwembamba na kudondosha oili barabarani. Hayo bado yapo, na moshi kidogo kwenye bomba hilo si ugonjwa. Magari ya baadaye hurudisha gesi hiyo kwenye njia ya hewa, kati ya filta ya hewa na tabo, ili iingie tena kwenye silinda na kuungua. Kabla ya kufika huko hupitia kitenganisha oili. Kwenye magari mengi ya Kijapani hicho ni mabati yaliyopangwa ndani ya kava la tapeti. Kwenye magari mengine, hasa ya Ulaya, ni kisanduku cha pembeni chenye utando wa mpira. Oili hugonga mabati, hujikusanya na kurudi chini. Gesi huendelea na safari.

Hapa ndipo fundi aliyezoea magari ya petroli hupotea. Injini ya petroli ina klapu inayobana hewa inayoingia, kwa hiyo nyuma ya klapu hiyo kuna mvuto mkali unaofyonza gesi ya sampu kupitia valvu ndogo. Injini nyingi za dizeli hazina klapu ya namna hiyo, na zile zenye klapu haziitumii kwa kazi hiyo. Mvuto uliopo ni hafifu, ule unaotokana na hewa kuvutwa kupitia filta. Kwa sababu hiyo, kizuizi kidogo tu kwenye hosi hutosha kuijaza sampu presha.

Presha hutafuta pa kutokea. Husukuma sili ya mbele na ya nyuma ya krenki, gasketi ya kava la tapeti na kijiti cha oili. Tabo nayo huumia kwa njia isiyoonekana kwa urahisi. Oili inayolainisha mhimili wake hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, hakuna pampu inayoivuta. Sampu ikiwa na presha, oili hiyo hushindwa kushuka, hupenya kwenye sili za tabo na kuingia kwenye njia ya hewa au ya ekzosi. Gari hutoa moshi wa bluu, na mwenye gari huuziwa tabo.

Sili ya nyuma ya krenki ndiyo inayouma zaidi mfukoni. Yenyewe ni bei nafuu, ila kuifikia lazima gia boksi ishushwe. Ikibadilishwa bila kuondoa presha, huanza kuvuja tena baada ya safari chache. Gari ambalo limebadilishiwa sili hiyo mara mbili ndani ya muda mfupi lina tatizo la kupumua mpaka ithibitike vinginevyo.

Vipimo visivyohitaji kompyuta

Kabla ya kugusa hosi yoyote, kuna mambo mawili ya kuangalia ambayo hayagharimu hata shilingi. La kwanza ni kiasi cha oili. Madereva wa masafa hupenda kuongeza “kidogo ya akiba”, na oili ikizidi alama ya juu krenki huipiga na kuirusha mpaka iingie kwenye brida. Kama kiwango kinapanda chenyewe bila mtu kuongeza, kuna dizeli au maji yanayoingia kwenye oili, na hiyo ni kesi nyingine, tena ya haraka. La pili ni filta ya hewa. Iliyojaa vumbi huongeza mvuto kwenye njia ya hewa na kufyonza oili kupitia brida, kisha fundi akiona oili ndani ya bomba la tabo hulaumu tabo.

Kile kipimo maarufu cha kufungua kifuniko cha oili kina ukweli, lakini si ushahidi kamili. Kwenye baadhi ya injini mwendo wa vyuma chini ya kava la tapeti hutosha kuchezesha kifuniko na kurusha mvuke, hata injini ikiwa nzima. Kinachotakiwa ni namba, au angalau kitu kinachoweza kulinganishwa kabla na baada ya matengenezo.

Kitu hicho ni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha, kama ule wanaotumia waashi kupima usawa wa ukuta. Ncha moja hufungwa vizuri kwenye tundu la kijiti cha oili. Mpira hukunjwa umbo la U kwenye ubao, kila upande ukiwa na urefu wa mita moja au zaidi ili maji yasije yakafyonzwa ndani ya injini, kisha hutiwa maji hadi nusu. Injini iwe imepata moto. Maji yakisimama sawa pande zote, au yakivutwa kidogo kuelekea injini, njia ya pumzi iko wazi. Yakipanda upande ulio wazi, kuna presha, na tofauti ya sentimita 10 ni sawa na takriban kilopaskali moja. Kila mtengenezaji ana kikomo chake, lakini injini yenye brida ya kurudisha gesi ikionyesha tofauti kubwa hata kwenye sailensi haihitaji mjadala.

Baada ya hapo hosi ya brida huchomolewa pande zote mbili, kwenye kava na kwenye njia ya hewa, na tundu lililobaki wazi kwenye njia ya hewa huzibwa kwa kifuniko kigumu. Lisizibwe kwa kitambaa. Tabo humeza kitambaa. Injini huwashwa tena na maji huangaliwa.

Presha ikishuka na gesi inayotoka ikawa ya kawaida, kizuizi kiko kwenye hosi au mahali inapoingilia. Presha ikibaki juu huku kinachotoka kwenye mdomo wa kava ni pumzi dhaifu, mabati ya ndani ya kava yameziba. Gesi ikitoka kwa nguvu na kwa wingi, basi kweli kuna gesi nyingi kuliko inavyopaswa. Hata hapo bado hujafika kwenye ringi.

Washukiwa kabla ya ringi

Mshukiwa wa kwanza ni wa ajabu kidogo: breki. Kwa kuwa dizeli haina mvuto wa kutosha, magari haya hubeba pampu ya vakyumu ya kusaidia busta ya breki, na kwenye Toyota na Isuzu nyingi za zamani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Hewa inayoivuta huitupa ndani ya sampu. Hosi ya busta ikipasuka au busta yenyewe ikivuja, pampu huvuta hewa muda wote na kuimwaga ndani ya injini. Kujua ni rahisi: gari likiwa limesimama na matairi yamewekewa mawe, hosi huchomolewa kwenye pampu, tundu la pampu huzibwa, na maji kwenye mpira huangaliwa. Yakishuka, mwizi amepatikana. Gari lisisogezwe hata hatua moja hosi ikiwa nje, maana breki zitakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye malori ya breki za upepo, kompresa iliyochakaa hufanya uharibifu wa aina hiyohiyo.

Wa pili ni tabo. Sili za mhimili wake zikilika, hewa iliyobanwa huteremka kupitia bomba la kurudishia oili. Alama yake ni kwamba sailensi inakuwa tulivu, halafu maji hupanda gari linapopigwa resi au kupakiwa. Kwa hiyo anayepima kwenye sailensi peke yake atalipa cheti kizuri gari litakaloanza kutapika oili kwenye mlima.

Milima yenyewe inastahili kutajwa. Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Malaba hupanda zaidi ya mita 2,500 karibu na Timboroa, na ile ya kusini-magharibi mwa Uganda kuelekea Katuna ina kona na miinuko isiyoisha. Injini hubeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu, gesi huongezeka, na udhaifu ambao haukuonekana kwenye tambarare ya Athi River hujitokeza. Upande wa pili, kwenye miji ya baridi ya nyanda za juu, magari yanayokwenda safari fupi hayapati moto wa kutosha kukausha maji. Mvuke hugeuka ute wa rangi ya maziwa ya chai chini ya kifuniko cha oili na ndani ya brida. Ute huo huwatia watu hofu ya gasketi ya silinda hedi. Kama maji ya rejeta hayapungui, mara nyingi ni unyevu tu, ila ni unyevu unaoziba.

Mshukiwa wa tatu huwahusu wengi kwenye korido hizi, kwa sababu anakaa ndani ya injini za Toyota za jamii ya KD, yaani 1KD na 2KD zilizofungwa kwenye Hilux, HiAce na Prado. Nozeli zake ziko chini ya kava la tapeti, na kila moja imekalia washa inayoziba moto wa silinda. Washa hiyo ikichoka, gesi ya mwako haitoki nje mahali inapoonekana. Huingia moja kwa moja chini ya kava na kushuka kwenye oili. Huanza sauti ndogo ya kupuliza injini ikiwa baridi, oili hugeuka nyeusi na nzito mapema mno, na kava likifunguliwa kunakutwa lami ngumu imezunguka nozeli.

Hatari ya hii ni kubwa kuliko uvujaji. Masizi hayo husafiri mpaka kwenye chujio la kunyonyea oili chini ya sampu na kuliziba. Taa ya oili huwaka, wakati mwingine kwenye mlima usiku, na dereva akiendelea injini hukamata. Kwa hiyo anayebadilisha washa na kufunga tu amefanya nusu ya kazi. Washa hubadilishwa zote nne, zilizotumika hazirudishwi, vikalio husafishwa, kisha sampu hushushwa ili chujio likaguliwe.

Wote hao wakiondolewa ndipo ringi zipimwe, na zipimwe kwa kipimo cha kompresheni. Dizeli nyingi zikiwa nzima husoma kati ya bar 25 na 35, kwa hiyo geji ya petroli haifai na inaweza kupasuka. Kinachoangaliwa ni tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba moja kubwa. Silinda moja ikiwa chini na nyingine tatu ziko sawa, tatizo ni la mahali pamoja, pengine valvu au pistoni iliyopasuka. Zote zikishuka kwa pamoja, injini imechoka kweli, na hapo mwenye gari analipia ovahoo akiwa anajua anachokilipia. Ujanja wa kumwaga oili ndani ya silinda ili kuona kama kompresheni inapanda, unaotumika kwenye petroli, huku si salama. Nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo sana, na oili ikizidi hupinda konrodi.

Boliti kwenye brida

Kuna matengenezo ya kando ya barabara ambayo yanapaswa kukataliwa hadharani. Fundi huona oili inaingia kwenye tabo kupitia brida, basi huchomoa hosi na kuiziba kwa boliti na klipu. Oili kwenye tabo inaisha siku hiyo. Sampu inajaa presha siku hiyo pia, na sili ya nyuma hufuata. Mwingine huiacha brida ining’inie chini, jambo ambalo kwa dharura si baya sana, lakini husahau kuziba tundu kwenye bomba la hewa. Tundu hilo liko baada ya filta. Vumbi la barabara huingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga ringi, na baada ya miezi michache utabiri wa ovahoo unakuwa kweli.

Yapo pia yanayoweza kuua mtu. Oili iliyokusanyika kwenye njia ya hewa, hasa ndani ya kipoozea hewa ambacho mafundi hukiita intakula, inaweza kuvutwa kwa wingi mara moja. Kwa dizeli oili ni mafuta kama mafuta mengine. Injini hupanda resi yenyewe, na kuzima ufunguo hakusaidii kwa sababu haitumii tena mafuta ya tangi. Kwenye gari la gia za mkono, dereva hukanyaga breki kwa nguvu zote, huingiza gia ya juu kabisa na kuachia klachi ili injini izimike. Anayejaribu kuiziba hewa atumie ubao au kitu kigumu, kamwe asitumie kiganja. Ikishindikana, watu wakae mbali. Kwa hiyo gari lililokuwa linameza oili lisirudishwe barabarani kabla intakula na mabomba yake hayajafunguliwa na kumwagwa.

Matengenezo ya brida ni ya kawaida mno ukilinganisha na madhara yake. Hosi huoshwa kwa dizeli au mafuta ya taa, hupulizwa na kukaushwa. Kava lenye mabati ya ndani hulowekwa usiku mzima. Likiwa limeungana na kitenganisha kisichofunguka, au utando wake umepasuka, hubadilishwa lote. Hosi mpya iwe ya mpira unaostahimili oili. Hosi ya maji ya rejeta, ambayo hupatikana kila duka, hulainika kwa oili, hunywea kwa ndani na kuziba, huku nje ikionekana nzima. Oili na filta hubadilishwa, kisha ule mpira wa maji hurudishwa kwenye tundu la kijiti ili fundi na mteja waone pamoja kama maji yametulia.

Spea za injini za Kijapani zinapatikana njia nzima, Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, soko la Kisekka jijini Kampala. Kinachotofautiana ni jina: mteja akiomba “brida” upande mmoja anaweza kuulizwa “hosi ya tapeti kava” upande mwingine, na njia fupi ni kubeba ile mbovu mkononi. Anayenunua boksi zima ili akauze kwao akumbuke kuwa cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kile cha bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Washa ya nozeli iliyotoka Japani au Dubai haigeuki ya Kenya kwa kununuliwa Nairobi, na itatozwa ushuru wake.

Kuhusu kibali cha muda cha gari, tangu kituo cha pamoja cha Namanga kizinduliwe Desemba 2018 maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Gari likilala gereji upande wa pili na siku zikikaribia kuisha, mwenye gari huenda kuomba nyongeza kabla hazijaisha, akiwa na maelezo ya gereji mkononi. Wakati huo vitunguu huwa vimeshahamishiwa kwenye gari jingine, kwa nauli ambayo haikuwa kwenye hesabu.